Samaki ni Halali, Lakini Je, ni Twayyib?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, aliyeyafanya maji kuwa asili ya kila chenye uhai. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake, na kila anayefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.



Ama baad. Nauusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia nyinyi, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri, msikitini na maabara, sokoni na shambani. Taqwa si vazi la siku ya Ijumaa peke yake. Mtu huijua taqwa yake pale anapokuwa peke yake, ana bomba la kupulizia mgongoni, kijito kinapita pembeni, na hakuna anayemwona ila Allah.

Katika darasa letu moja la baada ya Maghrib, ndugu mmoja aliuliza swali ambalo wengi tulilicheka kidogo, kisha likatunyamazisha. Alisema: "Samaki hachinjwi. Hata akifa mwenyewe majini ni halali. Sasa kuna haja gani ya kuuliza amevuliwaje, au maji aliyoishi yalikuwa na nini?" Nimelifikiria swali hili kwa siku nyingi. Mimi nasoma kemia, na ni mtoto wa mwalo. Nimekula na kusomeshwa kwa samaki. Kwa hiyo naandika kuhusu jambo linalotuhusu sote: sumu za shambani zinazoishia katika maji yetu matamu na katika samaki tunaowala.

Neema iliyo mbele ya macho yetu

Katika Suratun-Nahl aya ya 14, Allah anatutajia miongoni mwa neema Zake kwamba ameitiisha bahari ili tupate humo nyama laini ya kula. Katika Surat Fatir aya ya 12 anafafanua zaidi: maji ya aina mbili, matamu na ya chumvi, hayalingani, lakini katika yote mawili tunapata nyama safi. Maji matamu yametajwa, ndugu zangu. Sisi wa Kampala hatuhitaji tafsiri ndefu. Panda juu ya kilima chochote kusini ya mji, tazama upande wa Ggaba au Luzira, utaliona Ziwa Viktoria limetandazwa.

Ziwa hili lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Hakuna ziwa la maji matamu Afrika linalolishinda kwa eneo. Tunaligawana na Tanzania na Kenya, na wasomaji wa jarida hili mliotoka Bukoba, Mwanza na Kisumu mnalijua kwa majina yenu. Kutoka humo tunapata ngege, ambaye wengine wanamwita sato. Tunapata sangara, ambaye hapa tunamwita mputa. Na tunapata mukene, yaani dagaa, ambao kwa mwanafunzi wa hosteli ndio nyama ya kila siku, hasa wakipikwa na mchuzi wa karanga. Hata maji tunayotawadhia asubuhi yamevutwa kutoka ghuba hiyo hiyo ya Ggaba.

Sasa zingatieni jambo moja la maumbile ya ziwa hili. Maji yake mengi huja kwa mvua, na mlango wa kutokea ni mmoja tu: mto Nile pale Jinja. Kina chake cha wastani ni mita 40 hivi, kidogo sana kwa ziwa pana namna hii. Wataalamu wanakadiria kwamba ingechukua zaidi ya miaka 100 maji yote yaliyomo kutoka na mengine kuingia. Maana yake ni kwamba tunachokimwaga leo, wajukuu zetu watakikuta. Mtu akitupa uchafu mtoni hudhani umekwenda zake. Umekwenda ziwani, na ziwani haondoki mtu kwa haraka.

Halali na twayyib ni maneno mawili

Turudi kwenye swali la ndugu yetu. Sehemu ya kwanza ya maneno yake ni sahihi. Suratul-Maida aya ya 96 imetuhalalishia mawindo ya majini na chakula chake. Na Mtume (s.a.w.), alipoulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, alijibu kwamba maji yake ni twahara na mfu wake ni halali; wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na wengineo. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu hapa Uganda tumelelewa nayo, hata samaki aliyekufa akaelea juu ya maji analiwa. Wanazuoni wa Kihanafi ndio waliomchukia huyo anayeelea bila sababu inayojulikana.

Lakini Qur'ani haikuishia kwenye neno halali. Katika Suratul-Baqara aya ya 168, Allah anawaita watu wote, si waumini peke yao, wale vilivyomo ardhini vilivyo halali na vilivyo vizuri. Maneno ni mawili: halalan, twayyiban. Halali inaeleza hukumu ya kitu: kimeruhusiwa au hakikuruhusiwa. Twayyib inaeleza hali ya kitu chenyewe: ni safi, kinafaa mwili, hakina madhara, kimepatikana kwa njia njema. Embe ni halali, lakini embe lililooza si twayyib. Na fiqhi ya Kishafii iko wazi kwamba kila kinachodhuru mwili, kama sumu, ni haramu kukila, hata kama asili yake ni mmea au samaki.

Kwa hiyo samaki anaweza kuwa halali kwa jina lake, na kula kwake kukawa haramu kwa sumu aliyoibeba. Na aliyemtia sumu ana dhambi, hata kama aliyemla hakuumwa tumbo.

Funzo la mwaka 1999

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, nami sikuwapo. Lakini habari hii ni ya nchi yetu na inafaa kila kijana aijue.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, biashara ya minofu ya sangara kwenda Ulaya ilikuwa imenoga. Viwanda vilikuwa vinafanya kazi Kampala, Jinja na Entebbe, na samaki alikuwa miongoni mwa bidhaa zinazoiletea Uganda fedha nyingi za kigeni. Bei ilipopanda, tamaa ilipanda pamoja nayo. Baadhi ya wavuvi, katika nchi zote tatu za ziwa, wakaona nyavu zinachelewesha. Wakachukua dawa za kuua wadudu wa shambani, wakazimimina kwenye maji ya ufukweni usiku, wakangoja samaki walegee na kuelea, wakawakusanya na kwenda kuwauza alfajiri. Miongoni mwa dawa zilizotajwa ilikuwa endosulfani, dawa ya pamba na mboga. Kwa samaki, hiyo ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote.

Mwezi Machi 1999 Serikali ya Uganda ikasimamisha yenyewe kupeleka samaki Ulaya, na mwezi wa Aprili Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa Uganda, Kenya na Tanzania. Viwanda vikafunga au vikapunguza kazi. Maelfu ya watu wakakosa riziki: mvuvi, mbeba barafu, mama wa kupara samaki, dereva, fundi wa mitumbwi. Wengi wao hawakuwahi kugusa hata chupa moja ya dawa. Uganda ilifunguliwa tena kabla mwaka haujaisha, baada ya kuimarisha ukaguzi wa miyalo na upimaji wa samaki; Kenya ikangoja hadi mwishoni mwa mwaka 2000.

Mzee wangu wakati ule alikuwa ananunua samaki mwaloni Katosi na kuwaleta Kampala kwa pikapu ya kukodi. Alituhadithia kwamba siku moja, habari zikiwa zimeshaenea, alifika sokoni na mzigo mzima na hakupata mnunuzi. Mchana jua likawaka, barafu ikaisha. Mtu mmoja akamwambia, "Hajji, wauze kwa bei ya chini kule vibandani, wenye njaa hawaulizi." Mwingine akamwambia awatoe sadaka. Mzee akauliza yeye mwenyewe: mzigo huu nimeununua kwa watu kumi, naweza kuapa kwamba hakuna hata mmoja aliyetumia dawa? Hakuweza. Akasema, "Nisichoweza kumlisha mwanangu simlishi mtoto wa mwenzangu, kwa kuuza wala kwa sadaka." Akachimba shimo, akawafukia wote. Deni la mzigo ule alilipa kwa muda wa miaka miwili, na katika miaka hiyo kaka zangu wawili walikaa nyumbani bila shule.

Sisimulii haya ili nimsifu baba yangu. Nasimulia kwa sababu ya hadithi tunayoisoma kila mwaka katika Arubaini ya Imam Nawawi: kwamba hatoamini mmoja wetu imani iliyokamilika mpaka ampendelee ndugu yake kile anachojipendelea mwenyewe. Ni hadithi fupi na nyepesi kuihifadhi. Ikifika zamu ya kuilipia kwa mtaji wa nyumba nzima, ndipo tunajua uzito wake.

Na kuna jambo lingine la kututia haya. Ulaya ilipofunga mlango, kila mtu alikimbia kupima samaki wa Ulaya. Nani aliyekuwa akimpima samaki wa Kampala? Samaki wa mezani kwa mzungu ana cheti. Samaki wa mezani kwa yatima wa Katwe ana nini? Muislamu haruhusiwi kuwa na mizani miwili. Sura ya Al-Mutaffifin inaanza kwa kuwaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine.

Sumu ya haraka na sumu ya polepole

Mwenye kumwaga dawa ziwani anajulikana kuwa ni mhalifu, na sheria ya uvuvi inakataza sumu. Tatizo la leo ni gumu zaidi kwa sababu haliko usiku na halina mhalifu mmoja. Liko mchana, kwenye shamba la nyanya, la kabeji, la mpunga, la miwa, la maua. Mkulima anapulizia, mvua ya jioni inanyesha, maji yanateremka kwenye mfereji, mfereji unaingia kwenye kinamasi, kinamasi kinaingia ziwani. Vinamasi vyetu vya mafunjo viliumbwa vikiwa chujio. Sisi tumevijaza udongo na kuvilima.

Nitaeleza kwa ufupi jinsi sumu inavyosafiri, kwa wale wasiosoma sayansi. Zipo dawa za zamani za jamii ya DDT, dieldrini na endosulfani. Haziyeyuki vizuri kwenye maji, ila zinapenda mafuta. Zikiingia majini hushika kwenye tope na kwenye vimelea vidogo. Mukene hula vimelea hivyo, sangara humla mukene, na sisi tunamla sangara. Kila hatua, mwili unashika sumu katika mafuta yake na hauitoi kwa urahisi, hivyo anayekula wengi hukusanya ya wengi. Mwisho wa mlolongo ni binadamu, na wa mwisho kabisa ni mtoto anyonyaye, kwa sababu maziwa ya mama yana mafuta. Zipo pia dawa mpya zaidi ambazo huvunjika haraka, hazikai miaka. Lakini nyingine kati ya hizo, kama jamii ya pairethroidi, ni kali mno kwa samaki na wadudu wa majini. Huua vifaranga vya samaki na chakula chao kabla ya kuvunjika.

Dunia imeshakubali hatari hii. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliweka DDT na nyingine kadhaa kwenye orodha ya sumu zinazodumu, DDT ikiachiwa nafasi finyu ya kupambana na malaria, na endosulfani ikaongezwa mwaka 2011. Hapa kwetu, mwaka 2008, DDT ilipulizwa majumbani huko Apac na Oyam dhidi ya mbu, na jambo hilo likafikishwa mahakamani kwa hofu ya kuharibu mazao ya kilimo hai. Kwa hiyo hoja hii si ngeni kwa nchi.

Hapa lazima niseme kwa uadilifu, kwa sababu Suratul-Hujurat aya ya 6 inatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Wanakemia waliopima samaki wa Ziwa Viktoria upande wa Uganda, na wa Ziwa Edward, walikuta mabaki ya DDT na wenzake ndani ya samaki, lakini kwa jumla yalikuwa chini ya mipaka inayokubalika kimataifa. Kwa hiyo mtu asisome makala hii akaenda kutangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba samaki wa Uganda ni sumu. Hilo litakuwa ni uongo, na litawanyima riziki mama wa miyaloni kama ilivyokuwa mwaka 1999. Kuleni samaki, mshukuruni Allah. Ninachosema ni kwamba mabaki yapo, dawa zinaongezeka, ziwa halijisafishi haraka, na anayengoja mpaka mpaka uvukwe ndipo aamke amechelewa.

Ninapokaa mbele ya mashine ya maabara nikipima kitu kidogo kuliko punje ya vumbi, Suratuz-Zilzala hunijia kichwani: uzito wa chembe ya wema utaonwa, na uzito wa chembe ya shari utaonwa. Mashine zetu zina kiwango ambacho chini yake haziwezi kusoma. Kwa Allah kiwango hicho hakipo.

Hukumu tatu za kushika

Ya kwanza ni kuondoa madhara. Mtume (s.a.w.) ameweka kanuni kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara, na wanazuoni wakaifanya kuwa moja ya nguzo tano za kanuni za fiqhi. Shamba ni lako, dawa umenunua kwa pesa yako, lakini haki yako inaishia pale madhara yanapovuka mpaka wa shamba. Na ikiwa imekatazwa kukojoa kwenye maji yaliyotuama, na ikiwa imekuja hadithi ya kujihadhari na mambo yanayoleta laana, la kwanza likiwa ni kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, basi itakuwaje kuosha bomba la dawa kisimani?

Ya pili ni harimu. Wanazuoni wetu wa kale walijua kwamba kila kisima, mto na chemchemi ina harimu, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kumilikiwa wala kuharibiwa. Imepokewa kwamba kisima kina dhiraa 40 kuzunguka. Sasa tazama kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa: kwenye maziwa makubwa zimeweka ukanda wa mita 200 kutoka ufukweni. Mtu akisikia jambo hilo husema ni sheria ya wazungu na wafadhili. La hasha. Hiyo ni harimu, na Muislamu anayelima nyanya mpaka miguu inaloa ziwani amevunja sheria ya nchi na amepuuza fiqhi yake mwenyewe.

Ya tatu ni kuacha ghushi. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akamuuliza mbona hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akasema kwamba anayeghushi si katika sisi. Ameipokea Muslim. Tupime kwa hadithi hii. Anayevuna nyanya siku moja baada ya kupulizia, zikafika sokoni Owino na unga mweupe juu yake, ameficha unyevu chini ya rundo. Anayeuza dawa bandia, au anayemimina dawa kwenye vichupa vya soda visivyo na karatasi ya maelezo, ameficha kilicho kibaya zaidi kuliko unyevu. Na miongoni mwa wauzaji hao wapo ndugu zetu wanaoswali safu ya kwanza.

"Lakini mkulima ni maskini"

Najua jibu litakalotolewa, na lina haki yake. Wengi wetu ada zetu zimelipwa na nyanya, pamba, mpunga na kahawa. Viwavi wakiingia shambani wanakula ada ya muhula mzima kwa wiki moja. Mkulima atafanya nini, akae awatazame?

Uislamu haujamwambia akae. Dharura ina hukumu yake, lakini kanuni inayofuata hapo hapo inasema dharura hupimwa kwa kadiri yake. Kupulizia kipimo kilichoandikwa ni haja. Kuongeza mara mbili ili mdudu afe haraka si dharura. Kuchanganya dawa tatu ndani ya bomba moja si dharura. Kuosha bomba mtoni kwa sababu mto uko karibu si dharura, ni uvivu.

Tena tumhurumie mkulima kabla ya kumlaumu, kwa maana yeye ndiye wa kwanza kuumia. Anapulizia pekupeku, bila glovu, upepo unamrudishia usoni, kisha anakwenda kula kwa mkono huo huo. Karatasi ya chupa imeandikwa kwa Kiingereza kwa herufi ndogo ambazo hazisomi. Hakuna aliyemweleza. Na hapo ndipo lawama inahama kutoka kwake na kuja kwetu, kwa sababu sisi tunasoma Kiingereza, na Allah atamuuliza kila mwenye elimu alichokifanyia kazi elimu yake.

Kumbukeni mfano wa merikebu, alioupokea Bukhari kutoka kwa Nuuman bin Bashir (r.a.). Watu wamepanda chombo kimoja, wengine juu, wengine chini. Wa chini wakitaka maji hupita kwa wa juu; wakasema, tutoboe tundu katika sehemu yetu, tusiwaudhi wenzetu. Mtume (s.a.w.) akasema wakiachwa, wote wataangamia, wakishikwa mikono, wote wataokoka. Angalieni: wenye kutoboa hawakuwa na nia mbaya. Walitaka maji, kama mkulima anavyotaka nyanya. Na wale wa juu kosa lao lingekuwa ni kunyamaza. Ndugu zangu, mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu wa tabaka la juu.

Tufanye nini?

Kwanza, likizo ijayo, kila mmoja akirudi nyumbani aombe kuonyeshwa dawa zinazotumika shambani, akae na wazazi, awasomee karatasi ya chupa kwa Luganda, Lusoga, Kiswahili au lugha yoyote ya nyumbani. Awaonyeshe ule mstari wa rangi chini ya karatasi: nyekundu ni hatari zaidi, kisha manjano, kisha buluu, kisha kijani. Awaonyeshe kipicha cha samaki, ambacho maana yake ni kwamba dawa hii isikaribie mto wala ziwa. Awahesabie siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudi ndani ya bomba, kisha itobolewe isije ikawekewa maziwa au mafuta ya kula. Hii ni sadaka isiyohitaji pesa.

Pili, wanaosoma kilimo wajue kwamba mkulima atafanya watakachomwambia. Wafundishe njia zinazopunguza dawa: kubadilisha mazao, kupanda kwa wakati, kukagua wadudu kabla ya kupulizia, kuacha ukanda wa majani kati ya shamba na maji. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba anayepanda mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, anaandikiwa sadaka. Tusigeuze sadaka hiyo ikawa deni.

Tatu, wanaosoma kemia na biolojia wachague utafiti wa maji na samaki wetu. Wanaosoma sheria wasome ibara ya 39 ya Katiba ya Uganda, inayompa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, wawasaidie wanavijiji kuidai. Wanaosoma biashara, wakifungua duka la pembejeo, lisiwe na chupa moja isiyo na maelezo. Na dada zetu wasidhani usimamizi wa soko ni wa wanaume peke yao: imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alimpa Shifaa bint Abdullah (r.a.) jukumu katika soko la Madina.

Nne, jumuiya yetu itenge darasa moja kila muhula kwa jambo hili, na tuwaombe maimamu wa vijijini walitaje kwenye khutba msimu wa mvua unapoanza, kwani huo ndio msimu wa kupulizia. Mkulima anaweza asimsikilize afisa wa serikali; imamu wake anamsikiliza.

Ndugu zangu, katika Suratul-Baqara aya ya 205 Allah anamweleza mtu ambaye akishika njia yake huzunguka ardhini kufanya ufisadi, akiangamiza mimea na vizazi, na Allah hapendi ufisadi. Mimea na vizazi vimetajwa pamoja. Na Suratur-Rum aya ya 41 inatuambia kwamba ufisadi umedhihiri bara na majini kwa iliyoyachuma mikono ya watu, ili waonjeshwe sehemu ya waliyoyatenda, huenda wakarejea. Mwisho wa aya ni kurejea. Mlango haujafungwa.

Ewe Allah, tunakuomba riziki iliyo halali na twayyib, elimu yenye manufaa na amali inayokubaliwa. Ewe Allah, yahifadhi maji yetu, mito yetu na ziwa letu, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaotengeneza, si wanaoharibu. Waafu wakulima wetu na wavuvi wetu, waponye waliodhurika miili yao, na wabariki wazazi wetu waliotusomesha kwa jasho la halali. Ewe Allah, usitufanye tukawa sababu ya madhara kwa kiumbe chochote, tunayemwona na tusiyemwona. Amin, amin, amin.

Wa aakhiru daawana anil hamdu lillahi Rabbil aalamin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.